Uzi maalum: Giorgos Karagounis, kiungo aliyefungua Euro 2004 na kadi zikamfungia mlango wa fainali

Mtambaa wa Panya (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kila ikizuka mada ya Ugiriki 2004 humu, mazungumzo yanaishia kwa kocha Otto Rehhagel, kichwa cha Charisteas kilichoamua fainali na machozi ya Cristiano Ronaldo. Mgiriki aliyeichezea timu yake ya taifa mechi nyingi kuliko wote, mechi 139, anatajwa juu juu tu. Uzi huu ni wa Giorgos Karagounis. Wenye data karibuni, wa porojo pia wapo wa kutosha, msijali.

Wasifu kwa haraka, ili tusirudi nyuma kila saa. Kazaliwa Pyrgos, magharibi mwa Peloponnese, tarehe 6 Machi 1977. Kakulia Panathinaikos, akapelekwa kwa mkopo Apollon Smyrnis 1996 hadi 1998, akarudi nyumbani mpaka 2003. Inter Milan 2003 hadi 2005, Benfica 2005 hadi 2007, Panathinaikos tena 2007 hadi 2012, Fulham 2012 hadi 2014. Kabla ya yote hayo alikuwemo kwenye kikosi cha vijana wa chini ya miaka 21 kilichofika fainali ya Ulaya 1998 kikafungwa na Hispania. Timu ya wakubwa 1999 hadi 2014, mabao 10. Euro tatu (2004, 2008, 2012) na Kombe la Dunia mara mbili (2010, 2014).

Hoja yangu ni hii. Mabao yake mawili makubwa kabisa na kadi zilizomgharimu vimetoka mfuko mmoja. Ni mtu asiyekubali mpira umpite, asiyekubali kuguswa bila refa kuambiwa. Ukimwondolea kadi, umemwondolea na mabao.

Tuanze na la kwanza. Porto, Estádio do Dragão, 12 Juni 2004, mechi ya ufunguzi dhidi ya wenyeji Ureno. Dakika ya 7 tu. Paulo Ferreira anatoa pasi mbovu, Karagounis anaunasa mpira na kusonga nao mbele. Mtazame vizuri hapo: hapepesi macho kutafuta wa kumpasia. Mabeki wa Ureno wanarudi nyuma badala ya mmoja wao kumtokea, na kila hatua wanayorudi wanampa mita nyingine. Bado yuko nje ya 18 anaachia shuti la chini, kipa Ricardo anaruka, mpira upo wavuni. Bao la kwanza la mashindano yote.

---

Mkeka_Umechanika

Mkuu, hivi si ndiye aliyechukua tuzo ya mchezaji bora wa mashindano yale?

---

Dada Faulo

Hapana kaka, huyo ni Theodoros Zagorakis, nahodha. Tuzo ya mchezaji bora wa Euro 2004 ni yake, na ya mchezaji bora wa fainali pia. Karagounis fainali hakugusa mpira, alikuwa anatumikia kadi.

Watu wanawachanganya kwa kuwa wote ni viungo na majina yanafanana masikioni. Zagorakis mechi 120 na mabao 3, mtu wa kukaba, kukimbia na kutoa mpira haraka. Karagounis ni wa kuukumbatia.

---

Babu wa Kumi na Nane

Mleta uzi, kuna hesabu moja umeiruka na ndiyo inayoonyesha uzito wa bao lile.

Kundi A lilimalizika hivi: Ureno pointi 6, Ugiriki 4, Hispania 4, Urusi 3. Ugiriki na Hispania walitoka sare 1-1, kwa hiyo matokeo ya wao kwa wao hayakuamua kitu. Tofauti ya mabao: Ugiriki wamefunga 4 wamefungwa 4, Hispania wamefunga 2 wamefungwa 2. Wote sifuri. Ikabidi waangalie nani kafunga mengi, nne dhidi ya mbili, Hispania wakarudi nyumbani.

Sasa toa bao la Karagounis. Ugiriki 1-1 Ureno, Wagiriki wanabaki na pointi 2. Hakuna robo fainali, hakuna Charisteas, na Rehhagel angebaki kocha mzee wa Kijerumani aliyejaribu bahati yake Athens.

---

Mtambaa wa Panya

Babu umemaliza. Na niongeze: Paulo Ferreira, Costinha na Maniche, wote wa Ureno siku ile, walikuwa kikosi cha Porto ya Mourinho iliyokutana na Panathinaikos robo fainali ya Kombe la UEFA Machi 2003. Panathinaikos walishinda 1-0 kule kwao Porto, bao la Olisadebe, halafu wakalala 2-0 Athens baada ya muda wa nyongeza, yote mawili Derlei. Karagounis na Basinas walikuwa Panathinaikos hiyo. Kwa hiyo ile habari ya Wagiriki wasiojua wanakutana na nani mwaka 2004 ni stori za vijiweni. Hao walikuwa wanafahamiana vizuri, tena miezi kumi na tano tu nyuma.

---

Dada Faulo

Nije kwenye kadi, maana watu wanasema alikosa fainali kwa bahati mbaya. Bahati mbaya haiji mara mbili katika mashindano mamoja. Fuateni mnyororo huu.

Dhidi ya Ureno: njano kipindi cha kwanza. Rehhagel akamtoa mapumziko, Katsouranis akaingia. Bao kafunga, mechi iko mkononi, lakini kocha hakutaka kucheza kamari na mtu mwenye njano anayebishana.

Dhidi ya Hispania: njano tena kipindi cha kwanza. Dakika ya 53 akatolewa, akaingia Tsiartas. Na hapa kuna kichekesho, kwa sababu huyo huyo Tsiartas ndiye aliyepiga ile pasi ndefu iliyomkuta Charisteas dakika ya 66 akasawazisha bao la Morientes. Kadi ya Karagounis ilimlazimisha kocha kufanya badiliko lililowapa pointi!

Njano mbili, mechi moja nje. Dhidi ya Urusi hakuwepo, na Kirichenko akafunga sekunde ya 67. Ugiriki walilala 2-1, bao la Vryzas ndilo likawaokoa kwenye ile hesabu ya Babu.

Akarudi robo fainali dhidi ya Ufaransa, njano. Nusu fainali dhidi ya Wacheki, njano. Zimefika mbili tena, fainali nje. Mechi nne alizocheza, njano nne. Huyo si mchezaji mchafu wa kuvunja watu miguu, kadi za namna hii ni za kuvuta jezi, kuchelewesha, kusukumana na kuongea. Ndiyo mbaya zaidi, maana zinaepukika.

---

Kiungo Punda

Dada heshima yako, lakini usimhukumu bila kuangalia mfumo. Ugiriki ya 2004 ilikaba mtu kwa mtu, kitu ambacho timu kubwa nyingi zilikuwa zimeshakitupa. Seitaridis na Kapsis wanagawana washambuliaji, Dellas anabaki huru nyuma yao kufagia. Dhidi ya Ufaransa Seitaridis alimfuata Henry, Kapsis kwa Trezeguet, Katsouranis akawa kivuli cha Zidane.

Ukikaba hivyo, kila mtu ana mtu wake, na timu ikinyang'anya mpira haina mpangilio wa kushambulia, wametawanyika kila mmoja alipomfuata adui yake. Lazima apatikane mmoja wa kuushika mpira sekunde nne au tano wenzake wapande. Ndiyo kazi ya Karagounis. Mtu anayekaa na mpira muda huo katikati ya viungo wa Ulaya atapigwa, atasukumwa, na ikifika zamu yake ya kurudisha naye atasukuma. Kadi zilikuwa gharama ya kazi.

Ushahidi ni jinsi walivyocheza bila yeye fainali. Akaingia Giannakopoulos, mtu wa pembeni mwenye mbio. Ugiriki hawakujisumbua tena kukaa na mpira katikati. Walikaba, wakangoja, wakapata kona, Basinas akapiga, Charisteas kichwa dakika ya 57. Kwa mechi moja inawezekana. Kwa mashindano mazima, wapi.

---

Mkeka_Umechanika

Na ile nusu fainali walishinda vipi bila kumaliza dakika 120? Nimeangalia kipande cha video refa anapuliza wachezaji wanakimbia kushangilia, nikadhani imekatwa.

---

Babu wa Kumi na Nane

Haijakatwa. Ilikuwa kanuni ya bao la fedha. Timu ikiwa inaongoza zikiisha dakika 15 za kwanza za nyongeza, mechi imekwisha, hakuna 15 za pili. Kona ya Tsiartas, Dellas akaweka kichwa mwishoni kabisa mwa zile 15. Wacheki hawakupata hata muda wa kupanga shambulio. Ni bao pekee la namna hiyo katika historia ya fainali za Euro kwa wanaume, kanuni ikafutwa baada ya hapo.

---

Mwalimu wa Timu B

Naomba nichukue kipande cha ufundi, maana wengi humu wanafundisha vijana na hii ya kulinda mpira haifundishwi, inaachwa iwe kipaji.

Karagounis hana mwili mkubwa, ana mita 1.76. Hana mbio za kutisha. Silaha yake ni mambo matatu yanayofuatana. Kwanza anaangalia nyuma ya bega *kabla* mpira haujatoka mguuni kwa mpasiaji, si ukiwa njiani. Pili, mguso wa kwanza anaupiga kwa mguu ulio mbali na mkabaji, hivyo mwili wote unakuwa ukuta kati ya adui na mpira. Tatu, anakunja magoti na kushusha nyonga chini ya nyonga ya mkabaji. Ukimsukuma mtu aliyeshuka hivyo, wewe ndiye unaonekana umefanya faulo, na mara nyingi kweli umefanya.

Zoezi lake ni rahisi, halihitaji vifaa. Chora eneo la mita 10 kwa 10. Mpokeaji katikati, mkabaji mgongoni kwake umbali wa mkono mmoja, mpasiaji nje ya eneo mita 12. Pasi ikitoka, mpokeaji ana sekunde 8: ama abaki na mpira, ama ageuke atoke nao upande wa pili. Seti nne, pumziko sekunde 40, halafu wabadilishane. Ukiona vijana wameshika, ongeza mkabaji wa pili anayeruhusiwa kuingia baada ya sekunde 3. Hapo ndipo panapoanza kufanana na mechi.

Makosa utakayoyaona siku ya kwanza: kupokea kwa mguu ulio karibu na adui (anapokonywa papo hapo), kusimama wima kama nguzo (anasukumwa kwa kidole), na kunyanyua kiwiko juu ya kifua. Hilo la kiwiko likomeshwe mapema. Mkono unaruhusiwa kutanda kupima adui alipo, ukipanda usawa wa uso ni faulo yako, na refa mkali anatoa kadi.

Kosa la nne ni la Karagounis mwenyewe: kuguswa, kuanguka, kisha kumgeukia refa kabla mpira haujatoka. Kijana akifanya hivyo zoezini, pasi inayofuata mpe mwenzake. Ataacha.

---

Kiungo Punda

Mwalimu, hilo la mwisho lingemsaidia sana mtu fulani Warsaw 2012.

---

Mtambaa wa Panya

Hapo hapo ndipo nilipokuwa nakwenda.

16 Juni 2012, Warsaw, mechi ya mwisho ya kundi dhidi ya Urusi. Karagounis ana miaka 35, nahodha, na siku hiyo anafikisha mechi ya 120 kulingana na rekodi ya Zagorakis. Urusi wana pointi 4, sare inawatosha. Ugiriki wana pointi 1, lazima washinde.

Dakika ya pili ya nyongeza kipindi cha kwanza, Ugiriki wanarusha mpira, Ignashevich anaugusa kwa kichwa vibaya na badala ya kuuondoa anausukuma kuelekea lango lake mwenyewe. Karagounis ameshaanza kukimbia. Hapo ndipo tofauti ilipo: mabeki wawili wa Urusi wanautazama mpira, yeye alishaanza kukimbilia kosa ambalo halijatokea bado. Anaingia nao ndani ya 18 upande wa kulia, anapiga, kipa Malafeev amepitwa. 1-0, na ndivyo ilivyoisha.

Dakika ya 61 anaingia tena ndani ya 18, Ignashevich anakuja, Karagounis chini. Anageuka kudai penalti. Refa Jonas Eriksson wa Sweden anamfuata mkono mfukoni, kadi ya njano kwa kujiangusha. Alikuwa tayari na moja ya mechi ya nyuma. Mtu mzima alichanganyikiwa, akawa anazunguka na kujishika kichwa kama aliyeambiwa nyumba inaungua. Dakika ya 67 kocha Fernando Santos akamtoa, Makos akaingia. Robo fainali dhidi ya Ujerumani, nje.

---

Dada Faulo

Kwa haki, ile kadi ilikuwa kali mno. Watu wanadhani refa ana njia mbili tu mtu akianguka ndani ya 18: penalti au njano. Ipo ya tatu. Kugusana kupo, faulo haipo, mchezo uendelee. Kugusana si faulo moja kwa moja, na kuanguka si udanganyifu moja kwa moja. Eriksson angepunga mikono tu, Karagounis angenyanyuka akilalamika kama kawaida yake, na robo fainali angecheza.

Na kwa wanaouliza kwa nini hawakukata rufaa: uamuzi wa refa kwenye tukio la mchezo hauna rufaa, labda kama kadi kapewa mtu siye. Kwenye Euro hiyo njano moja ilikuwa inafutwa baada ya robo fainali, si baada ya makundi, kwa hiyo njano mbili za makundi zinakutoa robo fainali moja kwa moja. Holebas naye alitoka kwa njia hiyo hiyo. Wagiriki wakawakabili Wajerumani bila nahodha na bila beki wa kushoto. 4-2.

VAR ingesaidia? Kwa njia ya mzunguko tu. VAR haikagui kadi ya njano ya kujiangusha, inakagua kama penalti ilistahili. Ikionekana ilistahili, kadi inafutika yenyewe. Ila haikuwepo Euro ile.

---

Mkeka_Umechanika

Lakini wakuu tusisahau huyo huyo ndiye aliyekosa penalti dhidi ya Poland mechi ya ufunguzi. Angeifunga ile, Ugiriki wasingekuwa na presha yote hiyo na labda wasingekutana na Ujerumani.

---

Babu wa Kumi na Nane

Ngoja nikukokotolee, maana hili linasemwa kila mahali na halina mguu wa kusimamia.

Kwanza tukio. 8 Juni 2012, Poland 1-1 Ugiriki. Lewandowski dakika ya 17, Papastathopoulos nyekundu dakika ya 44, Salpingidis kasawazisha dakika ya 51. Halafu kipa wa Poland, Szczęsny, kamwangusha Salpingidis, nyekundu na penalti. Tytoń akaingia kutoka benchi akiwa wa baridi kabisa, na kitu cha kwanza alichokifanya ni kudaka penalti ya Karagounis.

Sasa tuseme imeingia. Ugiriki 2-1, pointi 3. Mechi ya pili wanafungwa na Wacheki 2-1 kama ilivyokuwa. Kabla ya mechi ya mwisho: Urusi 4, Ugiriki 3, Wacheki 3, Poland 1. Wacheki wakamfunga Poland 1-0, wakafika 6. Ugiriki wakitoka sare na Urusi wana 4, Urusi 5, Ugiriki nje. Kwa hiyo *bado* wangelazimika kumfunga Urusi. Wakimfunga wana 6 sawa na Wacheki, lakini Wacheki waliwafunga wao kwa wao, kwa hiyo Ugiriki wanabaki wa pili. Wa pili wa kundi anakutana na Ujerumani.

Penalti ile haikubadilisha nafasi wala mpinzani, ilibadilisha presha tu. Bao la Warsaw ndilo lililobadilisha kila kitu.

Na kuna tamu nyingine. Urusi na Ugiriki walimaliza pointi 4 kila mmoja. Urusi walikuwa na mabao 5 ya kufunga na 3 ya kufungwa, Ugiriki 3 kwa 3. Ingekuwa Kombe la Dunia la enzi hizo, linaloanza na tofauti ya mabao, Urusi wamepita. Euro inaanza na wao kwa wao, Ugiriki wakapita. Karagounis 2004 kapita kwa wingi wa mabao, 2012 kwa wao kwa wao. Mtu wa vipengele huyu.

---

Mkeka_Umechanika

😂 Babu nimekubali. Sasa niambieni, mtu mzuri hivi mbona Inter alifeli?

---

Kiungo Punda

Kufeli ni neno kubwa, Coppa Italia ya 2005 anayo. Ila ni kweli hakupata nafasi, na sababu inaonekana bila kumtukana mtu.

Alitua 2003 chini ya Héctor Cúper. Oktoba hiyo hiyo Cúper akafukuzwa, akaja Zaccheroni na mfumo wake wa mabeki watatu na washambuliaji watatu. Katika 3-4-3 viungo wa kati ni wawili tu, lazima wote wakimbie na kukaba eneo pana. Kiungo anayetaka kukaa na mpira miguuni hana chumba katika nyumba hiyo. Mwaka uliofuata akaja Mancini na 4-4-2, katikati wawili tena, na wapinzani wake wa namba ni Verón, Cambiasso, Stanković na Emre. Wewe ungempanga wapi?

Karagounis anahitaji viungo wawili wa kukaba nyuma yake. Panathinaikos iliyofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa 2002 ikamfunga Barcelona 1-0 Athens kabla ya kulala 3-1 Camp Nou ilikuwa na mpangilio wa kumruhusu. Timu ya taifa vilevile, Zagorakis na Basinas walikuwa walinzi wake wa getini. Ukimtoa kwenye mazingira hayo unabaki na mtu wa kupoteza mpira sehemu mbaya.

Benfica msimu wa pili alimkuta Fernando Santos kama kocha, na Katsouranis akasajiliwa 2006. Hao watatu wakaja kuwa uti wa mgongo wa timu ya taifa kuanzia 2010. Kwa hiyo Lisbon haikupotea bure hata kama hakubeba ligi.

---

Mwalimu wa Timu B

Na msisahau alivyorudi Athens. Msimu wa 2009/10 Panathinaikos walichukua ligi na kombe, kocha alianza Henk ten Cate akamalizia Nioplias. Djibril Cissé mbele, Katsouranis na Karagounis katikati. Roma walitolewa Europa League msimu huo, 3-2 nyumbani na 3-2 ugenini.

Kwa watu wa Tanzania walioanza kuifuatilia ligi ya Ugiriki Samatta alipotua PAOK 2023: mjue PAOK ndiyo nyumbani kwa Zagorakis, amecheza mara mbili na akawa rais wa klabu. Karagounis ni Panathinaikos damu. Ubishi wa nani zaidi kule una rangi za jezi ndani yake.

---

Mtambaa wa Panya

Mipira ya adhabu nayo iwekwe kwenye kumbukumbu. Euro 2008 Ugiriki walipoteza mechi zote tatu, bao pekee walilopata ni la Charisteas kwa kichwa dhidi ya Hispania, na mpira ule ulitoka kwa Karagounis, adhabu aliyoipiga ikining'inia kati ya kipa na mabeki. Mpigaji wa aina yake haulengi mpira kwa mtu, anaulenga kwenye eneo, halafu Charisteas anajua wa kwenda. Tazama pia Old Trafford Novemba 2000: Manchester United walishinda 3-1, lakini bao la Panathinaikos ni lake.

Fulham sina mengi. Alienda na miaka 35, msimu wa kwanza alikuwa na faida, wa pili ukawa wa makocha watatu, Jol, Meulensteen na Magath, wakashuka daraja.

---

Dada Faulo

Brazil 2014 mnaiacha? Miaka 37. Dhidi ya Japan Katsouranis kapewa nyekundu dakika ya 38, Santos akamtoa winga Fetfatzidis na kumwingiza Karagounis hapo hapo, kabla ya mapumziko. Akili ya kocha: tuko kumi, nipe mtu wa kuushika mpira tupumue. 0-0. Mechi iliyofuata dhidi ya Ivory Coast akaanza, shuti lake likagonga mtambaa wa panya (mleta uzi jina lako hilo), Ugiriki wakashinda 2-1 kwa penalti ya Samaras dakika za majeruhi. Wakapita hatua ya makundi ya Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza.

---

Mkeka_Umechanika

Halafu Costa Rica wakawatoa kwa matuta. Yeye alipiga?

---

Babu wa Kumi na Nane

Hakupiga. Recife, 29 Juni. Alicheza dakika zote 120, na Costa Rica walikuwa kumi tangu dakika ya 66. Papastathopoulos alisawazisha dakika za majeruhi, 1-1. Kwenye matuta walikwenda Mitroglou, Christodoulopoulos na Holebas, wote wakafunga. Wa nne Gekas, Navas akaidaka. Umaña akafunga ya tano ya Costa Rica, 5-3, mambo kwisha. Mgiriki wa tano hakuitwa.

Hiyo ndiyo mechi ya 139. Na njano hakupata.

---

Dada Faulo

Hiyo ya mwisho nakwenda kuihakiki 😂